Aliyekaa Namba Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba za wafanyakazi wa kiwanda zitabomolewa. Bosi anataka ubao wa kumbukumbu getini, wenye majina ya waliokaa nyumba moja miaka kumi au zaidi. Orodha yetu ina tarehe za kuingia tu. Karani mwenzangu, Taratibu (jina nimempa mimi), kashauri tupekue daftari la funguo, tuone nani alirudisha lini. Daftari lina vumbi la enzi za baba yangu. Nikacheka. Tuhesabu tu kwamba mtu kahama siku moja kabla ya mwenzake kuingia, basi! Kompyuta itamaliza kabla ya chai.

Jumanne, 4 Machi
Kasheshe. Nilisahau kuiambia kompyuta itenganishe nyumba na nyumba. Kila mtu kahamishwa mara tu mgeni alipoingia nyumba yoyote. Mpishi wa kantini kakaa siku mbili! Bosi kauliza kama kulikuwa na vita. Nimerekebisha kimyakimya.

Jumatano, 5 Machi
Sasa safi. Na anayeongoza ni nani? Baba! Namba tisa, miaka kumi na tisa. Machozi yalinilengalenga. Nikaukumbuka mlango wa kijani, redio yake dirishani, baiskeli ukutani na mama akinifokea nisiiguse. Jina la marehemu litakaa juu kabisa!

Nikampigia mama. Kasema tulikaa minane tu, na baada yetu nyumba haikupata mtu miaka kumi na moja. Nikabisha kwamba kompyuta haina sababu ya kudanganya. Mama kasema baba hakuwahi kuchukua hata msumari usio wake, asianze leo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemnyenyekea Taratibu. Kanipa daftari bila neno, na hilo ndilo limeniuma. Kila ufunguo ulipolala ofisini, nyumba ikiwa haina mtu, nimeongeza mstari kwenye orodha, na penye jina nikaandika TUPU. Baba kabaki na minane yake. Nimelia kidogo, nikasingizia vumbi. Kompyuta ikachagua waliotimiza kumi, nikamtumia mchonga ubao papo hapo. Kusoma tena ya nini?

Jumatatu, 17 Machi
Ubao umefunuliwa mbele ya umati. Bwana Tupu katokea mara sita. Bosi kanikata jicho. Taratibu kapandishwa cheo.

Mama nilimleta mwenyewe. Kapitisha kidole hadi kwenye mstari wetu: Namba 9, Tupu, miaka 11. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye kasema kumbe miaka yote ile nyumba ilikuwa inatungoja. Kauliza kama mlango ulibaki wa kijani.

Kesho naanza orodha ya magari ya kiwanda na madereva wake. Ina tarehe za kukabidhiwa tu, za kurudisha hakuna. Taratibu kaniachia daftari la gereji mezani, kurasa mia nne. Nimelisukuma pembeni. Chai ni saa nne, nitakuwa nimemaliza.