Maini ya Ukweni

Leo nimejiaibisha mbele ya ukoo mzima wa Chengula. Na ubaya zaidi, mimi mwenyewe ni Chengula.

Subirini niwaeleze taratibu, maana nikianzia katikati mtanihukumu.

Frenki wangu mnamjua. Mwalimu, mrefu, mpole, na jina lake la ukoo ni Chengula. Mimi Tumaini Chengula, muuza viatu vya mitumba pale Mbalizi. Tulijuana hospitalini, kwenye dirisha la dawa. Nesi aliita "Chengula!" tukasimama watu wanne: mimi, yeye, mama mmoja mwenye kikohozi, na babu ambaye hata hakuwa Chengula ila alikuwa amechoka kukaa. (Ndivyo jina letu lilivyo. Liite popote kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Mbeya, hukosi wa kugeuka.) Tukagombania pakiti ya dawa, tukacheka, na mambo mengine mnayajua.

Nyie mlinitania sana. "Tuma, wewe utaolewa na kitambulisho hubadilishi!" Nikacheka na mimi. Sikujua kuna watu ambao kwao hilo si la kuchekea.

Leo ndiyo nimepelekwa kwao kutambulishwa, kijijini, nje kidogo ya Iringa mjini. Nimevaa gauni la kitenge, na juu yake sweta (baridi ya kule haijali kwamba umependeza). Njia nzima mimi naongea, Frenki anaangalia mahindi ya watu. Tulipokaribia ndipo akafungua mdomo.

"Tuma, bibi atataka kujua mzilo wenu."

"Mzilo ndo nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

Akanieleza. Kwao Wahehe, kila ukoo una kitu chake ambacho hauli, wameachiwa na mababu. Jina peke yake halitoshi kusema mtu ni ndugu, maana akina Chengula wametapakaa, wengine wala hawahusiani. Lakini jina likiwa moja na mzilo ukawa mmoja, basi nyie ni damu moja. Hakuna ndoa. Hata mchungaji akitaka.

"Na wa kwenu ni nini?"

"Bibi amenikataza kukwambia. Anasema msichana akishapenda, atajibu lolote."

Jamani! Baba yangu alitoka Iringa akaja Mbeya kutafuta maisha, akafariki mimi hata shule sijaanza. Amenilea mama yangu, Mnyakyusa, kwa ndizi na maziwa ya mgando. Vya baba nilivyonavyo ni picha moja na hilo jina. Mzilo wake ningeusikia wapi?

"Kwa hiyo naweza kuingia kwenu mchumba, nikatoka dada yako?"

Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu. Hapo nikajua na yeye anaogopa, na nikampenda zaidi, wakati ambao haukufaa kabisa.

Tukafika. Nikapiga magoti, nikaamkia kwa Kihehe, "Kamwene." Wakaitikia. Bibi yake ni mdogo wa umbo, lakini macho! Alinikagua kuanzia kilemba hadi kidole gumba cha mguu. Pembeni yake baba mkubwa, mwenye kofia, msemaji wa ukoo. Mama mkwe mtarajiwa na wifi walikuwa wanaingia na kutoka jikoni. Frenki akaketishwa mbali na mimi, upande wa wanaume, kama mtuhumiwa.

Maswali hayakuja. Kikaja chakula kwanza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mezani kulikuwa na ugali, wali, kuku, mboga ya majani ya maboga. Na mbele yangu mimi, mimi peke yangu, wifi akaweka bakuli dogo lenye kifuniko. Nikafunua. Maini! Yamekaangwa na vitunguu na hoho, yananukia hadi rohoni.

Mimi na maini mnatujua. Na asubuhi sikula kitu kwa woga. Nikajisemea, kumbe wamemuuliza Frenki ninachopenda, watu gani wema hivi! Nikaanza. Nikatazama wengine, hakuna anayegusa. Nikadhani ni heshima ya mgeni. Frenki mwenyewe najua hali maini, miaka yote ananiambia yanamsumbua tumbo. (Hapo mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikuwa na njaa.)

Wote wananitazama nikitafuna. Nilipofika nusu ya bakuli nikaona ni aibu kula peke yangu. Nikakumbuka mama aliniambia, ukweni usikae kama mzigo, hudumia watu. Basi nikainuka, nikachota vipande viwili vinono, nikapiga magoti mbele ya bibi na kuviweka kwenye sahani yake. Juu ya ugali wake kabisa.

"Karibu, bibi. Ni laini, hata bila meno unakula."

Mama yangu wee!

Wifi alipiga kelele. Mama mkwe alidondosha jagi. Baba mkubwa alisimama ghafla, kofia ikatua kwenye mboga. Bibi akainyanyua sahani yake kwa vidole viwili, akainyoosha mbali na mwili. Nikamtazama Frenki. Amejifunika uso kwa viganja.

Ndipo kichwa kikafunguka. Akina Chengula wa hapa mzilo wao ni maini. Yale hata hayakupikwa kwao (wifi aliniambia baadaye), yalipikwa kwa jirani, kwa sufuria ya jirani, ili waone nitafanya nini. Na mimi nimemlisha bibi wa ukoo kitu ambacho hajawahi kukigusa tangu azaliwe. Nilibaki pale chini na mwiko mkononi.

Bibi akasema polepole, "Mwanangu. Kwenu hivi mnakula?"

"Nakula, bibi. Nisamehe. Nayapenda sana." (Kwa nini niliongeza hilo la mwisho, sijui.)

Nikaona uso wake unalegea. Lakini baba mkubwa, huku anafuta kofia, akasema, "Kula siyo ushahidi. Hawa watoto wa mjini wanakula kila kitu. Huyu anaweza kuwa wetu na hajui. Apigiwe mtu wa kwao."

Mtu wa kwetu upande wa baba yuko mmoja tu, shangazi Veronika, anakaa Mgololo. Nikapiga. Baba mkubwa akasema niweke spika, wote wasikie. Nikaweka. Na shangazi yangu kwenye simu haongei, anahubiri.

"Tuma! Umefika? Ehe, na yule mwalimu wako anayekoroma hajambo?"

Jamani. Jamani!

"Kwenye basi!" nikapiga kelele. "Alikoroma kwenye basi! Tulikuwa kwenye basi!"

Hakuna aliyeniuliza. Mama mkwe aliangalia sakafu. Baba mkubwa alikohoa.

"Shangazi, uko kwenye spika. Wazee wa akina Frenki wanasikia. Wanauliza mzilo wetu."

Nikaangalia kama mtandao umekata. Nilikuwa nasubiri kuambiwa kama huyu mwanaume aliyejifunika uso ni mume wangu au kaka yangu, na anayejua ni mama mmoja Mgololo aliyeshikilia simu.

Shangazi aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini. Sijawahi kuisikia hivyo.

"Kamweneni wazee. Sisi ni Chengula wa figo. Figo hatugusi. Marehemu kaka yangu, baba yake huyu, aliwahi kukaa na njaa kutwa nzima msibani kwa sababu kwenye mchuzi kulikuwa na figo. Tuma mwanangu, nilipaswa kukwambia zamani. Kila nikikuona nasema bado mdogo."

Wifi akapiga kigelegele. Baba mkubwa akavaa kofia yake, mboga na yote. Frenki alitoka upande wa wanaume bila ruhusa ya mtu, akaja kupiga magoti pembeni yangu. Nilidhani nitacheka. Nikalia. Nililia kama mtoto, na haikuwa kwa sababu ya ndoa. Wenzangu baba zao waliwaachia shamba, mimi leo ndiyo nimeachiwa kitu. Kitu cha kutokula, lakini ni changu.

Bibi akanawa mikono, akaletewa sahani nyingine, kisha akanivuta nikakaa kwenye mkeka wake.

"Tangu Frenki anionyeshe picha yako naomba Mungu usiwe mtoto wetu," akasema. "Ili uje uwe mtoto wetu."

Halafu akanisogezea lile bakuli. "Sasa malizia. Hapa hakuna wa kukusaidia."

Nikamalizia, huku machozi yanatiririka na ukoo mzima unaniangalia.

Jioni hii tumerudi mjini. Pale stendi kuna kijana anachoma mishikaki. Akaniita, "Dada, figo safi, za moto!" Nyie ni mashahidi, figo nimezila maisha yangu yote. Nilisimama pale moshi unaniingia machoni, nikamwambia neno ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu.

"Kwetu hatuli."

Basi, chekeni sasa. Na mkija harusini, maini wekeni upande wangu.