Shamba Langu Liko Chini ya Maji

Alhamisi, 18 Septemba
Shirika la misaada la serikali moja ya Ulaya linatoa banda la kukaushia mwani hapa Ushongo. Moja tu! Nimelala chali barazani, nikaliona: paa refu, pande zote wazi, upepo wa bahari unapita, katikati mkeka, juu ya mkeka mimi. Mwani nao ukauke pembeni, siukatazi.

Tatizo: linatolewa kwa kikundi. Kina mama wanacho, na mke wangu Thuwaiba ndiye katibu. Mwaka jana mvua iliwaozeshea mavuno yote. Gunia moja bovu bado liko nyuma ya jiko letu, hataki litupwe. Alilia siku mbili. Nilimbembeleza, naapa. Lakini banda ni banda.

Jumamosi, 20
Nimeunda kikundi! Wazee Shupavu. Mwenyekiti mimi. Wanachama kumi: mimi, rafiki yangu Hatibu, na wanane ambao hawajaambiwa. Mmoja ni marehemu, ila enzi zake hakukosa mkutano.

Innocent, afisa wa mradi, kanieleza kwa simu msaada unavyotembea. Raia wa kule wanakatwa kodi, serikali yao inalipa shirika, shirika linaleta Dar, Dar Tanga, Tanga Pangani. Maskini! Utafika umechoka. Utapumzika kwangu.

Kisha akaongeza: kwanza mgeni kutoka shirika lazima alione shamba kwa macho yake. Shamba! Sina hata kigingi.

Jumatatu, 22
Akili imenijia nikiwa nusu usingizini. Bamvua hili, saa kumi alasiri maji yanajaa hadi kwenye minazi. Nimemwambia Innocent waje kesho saa kumi. Nitanyoosha kidole: shamba lile pale, chini. Nani atapiga mbizi na suruali ya ofisini?

Hatibu kauliza, je, wakiwahi? Nimecheka hadi kikohozi. Gari la mradi, lisubiri pantoni Pangani, halafu liwahi! Tangu lini?

Thuwaiba kauliza nacheka nini. Nimesema namkumbuka marehemu.

Jumanne, 23
Saa nne asubuhi wamefika! Walivuka jana, wakalala ng'ambo hii kukwepa foleni. Watu gani hawa?

Bahari imekupwa, mchanga mtupu, hata kaa hana pa kujificha. Mgeni, mama mrefu mwenye kofia, kaomba kuliona shamba la Wazee Shupavu. Nikatangulia kwa madaha, polepole, labda maji yatarudi. Wapi! Tukafika penye kamba za mwani, mistari na mistari. Nikasema, hili hapa.

Thuwaiba akainuka katikati ya kamba. Karibu shambani kwangu, Baba Hasina, akasema, mwaka wa sita huu, leo ndiyo umeijua njia? Kina mama wenzake vigelegele! Innocent akamtafsiria mgeni neno kwa neno, msaliti yule.

Kisha Thuwaiba akamleta mgeni hadi nyuma ya jiko letu, akafungua lile gunia. Mgeni akainama, akanusa. Hakuna aliyecheka tena. Hata mimi.

Ijumaa, 26
Innocent kapiga simu: banda la kina mama. Thuwaiba kalibeba gunia, kaenda kulimwaga baharini. Aliporudi kasema nitaruhusiwa kulala humo, mradi niugeuze mwani kila saa.

Kila saa! Huo ni usingizi?

Nimelala chali barazani. Hapanuki tena. Nasikia serikali nyingine inatoa mizinga ya kisasa huko mikokoni, kwa vikundi vyenye nyuki tayari. Nyuki sina. Lakini mchana nyuki si huwa kazini? Nimewaambia waje saa sita kamili. Nitawaonyesha mizinga mitupu: wenyewe wametoka.

Marehemu nimemteua mweka hazina.