Injini Niliyoiogopa Njia Nzima

Leo nimejiaibisha barabarani, tena nikiwa nimevaa suti. Naandika nimejibanza nyuma ya ukumbi wa sherehe hapa Ruangwa.

Iko hivi. Dada yangu Tekla alikuwa anaolewa leo, kanisani hapa Ruangwa. Kazi ya kumleta kutoka Nachingwea nilipewa mimi, kwa sababu gari langu ni jeupe na linang'aa. (Nalisugua kila Jumapili. Hata ule mfuniko wa plastiki juu ya injini naupaka mafuta. Najijua, ni ugonjwa.) Padri alishatuonya: mkichelewa, mimi naondoka kwenda kigangoni, na ndoa itasubiri mpaka nirudi.

Sasa, wiki hii nikasoma kwenye simu kwamba kampuni iliyotengeneza gari langu inayaita magari ya aina hii yarudishwe. Injini zina hitilafu. Zinaweza kuzima ghafla, nyingine zinashika moto. Mambo ya magari nimejifunza mwenyewe kwa video, basi nikasoma mpaka macho yakauma. Mwenye gari anastahili kukaguliwa bure na kutengenezewa bure, na injini ikiwa imekufa anawekewa nyingine, hata kama gari alilinunua mkononi mwa mtu. Nikayakariri kama katekisimu. Tekla sikumwambia. Ningemwambiaje, wiki ya harusi yake?

Tukatoka Nachingwea kwa vigelegele. Nyuma yetu lori dogo, kenta ya ndugu zetu wa Marambo, wanaimba. Mimi natoka jasho. Kila mlio nausikia mimi tu. Ngwa! Hiyo ni pistoni? (Ilikuwa chupa ya soda chini ya kiti.)

"Oswini, mbona unaendesha kama umebeba mayai?" akauliza Shangazi Skola kutoka kiti cha nyuma.

"Nawalinda, shangazi."

"Tulinde tukishafika!"

Tulipoingia upande wa Ruangwa, nikasikia harufu ya kuungua. Moyo paa! Nikamwona Tekla ndani ya moto na shela lake. Nikakanyaga breki katikati ya barabara.

"Shukeni! Wote! Gari linawaka!"

Nikamvuta bibi harusi mpaka ndani ya shamba la mikorosho la watu, shela likanasa kwenye tawi. Shangazi akakimbia na kiatu kimoja. Watu wa kenta wakaruka chini, mmoja kashika ndoo ya togwa tayari kuzima moto. Gari likatulia pale, linatutazama. Hata moshi hakuna.

"Linawaka wapi?" Tekla akauliza. Machozi yalishaanza kumlengalenga. "Oswini, padri ataondoka."

Hapo nikaona lazima nijitetee. Nikawaeleza kila kitu, kisha nikapiga simu huduma kwa wateja ya kampuni, nikaweka spika ili wote wasikie haki zangu zikitamkwa. Akapokea dada mmoja mpole, nikamsomea namba ya chesisi.

"Ndiyo kaka, gari lako limo kwenye orodha."

"Mmesikia!" Watu wa Marambo wakanitazama kwa heshima. (Ilikuwa heshima fupi sana.)

"Sasa nisomee na namba ya injini. Toa kwanza mfuniko wa juu."

Sijawahi kuutoa. Naogopa kuvunja vishikizo. Leo nikautoa. Chini yake, kwenye chuma chenyewe, kumbe kuna jina la kampuni nyingine kabisa. Herufi kubwa, zimetuna.

"Kaka, upo? Unaona nini?"

Shangazi akainama, akalisoma jina lile kwa sauti ya somo la kwanza la misa.

Dada wa simu akakohoa. "Kaka, huko nyuma kuna mtu alibadilisha injini. Hiyo si yetu. Pole sana."

Kumbe injini iliyoninyima usingizi wiki nzima haimo hata ndani ya gari! Huenda ilishayeyushwa, sasa hivi ni sufuria ya mtu. Nimeiogopa. Nimeidai. Sinayo.

Kenta nzima ikaangua kicheko.

"Na hiyo harufu je?" nikauliza kwa unyonge.

Tekla akachungulia ndani ya gari, shela limejaa majani makavu. "Handbreki umeiacha juu."

(Niliivuta tulipokuwa tunasali kabla ya kuondoka. Kwa usalama.)

"Njoo huku, bibi harusi, huku injini ni ya kwetu!" vijana wakapiga kelele. Tekla hakurudi kwangu. Akapanda mbele kwenye kenta, nami nikafuata nyuma, nikala vumbi lao mpaka kanisani. Tulimkuta padri ameshavaa kofia ya pikipiki. Akamtazama Tekla, akaivua.

Wameoana. Nimelia kuliko mama. Ila kwenye mahubiri padri akawaambia maharusi wasiogope jambo kabla hawajalichunguza. Maskini, hakuwa anajua chochote. Kanisa zima likageuka kunitazama.

Anayetaka kunicheka, kwanza akafungue boneti yake ahakikishe kilichomo.