Kilo Ishirini za Baridi

Nyange hakuwa fundi wa magari. Alikuwa na ovaroli, na pale Chake Chake ovaroli yenye mafuta begani ilimtosha kuitwa fundi. Asubuhi moja alikuwa amekaa nje ya kibanda chake nyuma ya soko, anakunywa kahawa, alipomwona Mbaruk anashuka kwenye gari yake nyeupe ya Kijapani. Amevaa glavu za ngozi. Jua lote lile, mtu amekuja kununua mbatata kavaa glavu! Nyange akaweka kikombe chini, akajifuta mdomo. Riziki ilikuwa imejileta yenyewe.

Mbaruk alitoka katika ukoo uliokuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu. Mashamba yalikwisha, madaha yakabaki. Tangu ajiandikishe katika mashindano ya magari huko bara hakuwa na mazungumzo mengine, mpaka watu wa barazani wakimwona tu huinuka kwenda kutia udhu, hata kama adhana bado saa nzima.

"Assalaamu alaykum, bingwa," Nyange akamwita.

"Waalaykumu salaam. Nani kakwambia kuwa mi bingwa?"

"Gari yako. Lakini inalia, maskini. Umeitwisha mzigo."

"Mzigo gani? Buti tupu!"

Nyange akafungua boneti bila kuombwa, akagonga kompresa ya kiyoyozi kwa bisibisi. "Huu hapa. Na wavu ule mbele ya rejeta, na mabomba yake, na likasha zima la baridi nyuma ya dashibodi. Na hita! Yakhe, hita Pemba? Wamkanza nani? Hapa pana kilo ishirini na zaidi. Wenzio wanakimbia, wewe umebeba friji."

Mbaruk akayakodolea macho yale mabomba kana kwamba yamemtukana.

Na Nyange, tumpe haki yake, hakusema uongo. Gari za mashindano kweli huvuliwa vitu hivyo ili ziwe nyepesi. Tapeli anayejua kazi yake hapotezi uongo pale ukweli unapotosha. Uongo wake aliuweka mwisho.

"Na vikishatoka vinakwenda wapi?" Mbaruk akauliza.

"Vile vina sumu, bwana wangu. Navichimbia shimo navizika. Na kwa kuwa ni wewe, sikutozi hata senti."

Mbaruk alimkumbatia. Wallahi, alimkumbatia.

Kazi ilichukua siku tatu. Gesi Nyange aliiachia hewani ikapiga mluzi, na paka wawili wakahama mtaa. Dashibodi aliing'oa kwa nguvu zaidi kuliko akili. Mipira ya maji ya hita aliiunganisha kwa kipande cha bomba. Na vile vyenye sumu havikuona kaburi. Vilifunikwa turubali kibandani, kwa sababu Haroub, dereva anayechukua wageni uwanja wa ndege, alikuwa na gari ya aina ile ile isiyotoa baridi. Walikubaliana: Ijumaa Haroub ataleta pikipiki yake nzima iwe malipo, aondoke na vyombo vyote.

Jumanne Mbaruk akampeleka mkewe, Thuraiya, kumtazama mamake huko Kengeja. Thuraiya alikuwa na duka la nguo za harusi, na gari ile, ingawa Mbaruk hapendi kulitaja hili, ilinunuliwa kwa bangili zake. Walipokuwa wanarudi ikashuka mvua ya kumwaga. Wakapandisha vioo. Dakika tano, kioo cha mbele kikajaa ukungu, hakionekani kitu.

"Washa upepo!" Thuraiya akasema, anafuta kioo kwa mtandio.

"Haupo."

"Umekwenda wapi?"

"Tumepunguza kilo ishirini," Mbaruk akajibu kwa fahari, na papo hapo gari ikaacha njia, ikaingia katika shamba la watu la muhogo.

Hawakuumia. Thuraiya akajifunga tena mtandio. "Kama shida ni kilo," akasema, "si ungepunguza tumbo?" Kisha akamtaka amweleze yote, mwanzo mpaka mwisho, na jina la fundi.

Kesho yake alikuwa kibandani kwa Nyange. Nyange akajiandaa kutukanwa. Hakutukanwa.

"Nina mnunuzi," Thuraiya alisema kwa sauti ya chini. "Mtu wa Unguja, anakodisha magari ya harusi. Anataka vyombo kamili vya gari ya aina hii. Atatoa mara mbili ya atakachotoa mwengine. Ila ni mtu mwenye shaka, anataka avione vinafanya kazi ndani ya gari."

"Gari gani?"

"Ya Mbaruk si ipo? Ntamwambia inapigwa polishi. Yule hajui kitu."

Nyange alicheka mpaka akashika ukuta. Kumwibia mtu ni jambo moja, kumwibia kwa kushirikiana na mkewe ni raha nyengine kabisa. "Bi Thuraiya! Kumbe na wewe mwenzetu. Sikukujua."

"Wengi hawanijui."

Kung'oa alijua, kurudisha hakujua. Ikabidi amlete Talib wa Wesha, fundi wa kweli, anayetengeneza mitambo ya barafu ya wavuvi. Gesi mpya, mipira mipya, ujira wa Talib: simu ya Nyange ikauzwa. Ijumaa Haroub akaja na pikipiki imeoshwa inang'aa. "Hebu ondoka na baiskeli yako," Nyange akamwambia.

Jumamosi adhuhuri gari ikawa tayari. Thuraiya akaingia, akawasha, akaweka kiganja penye tundu la upepo. Baridi kali. Akajaribu hita. Joto. Akafunga mlango.

"Mnunuzi yuko wapi?" Nyange akauliza dirishani.

"Amekaa hapa. Nilivinunua mara ya kwanza pamoja na gari yenyewe."

Nyange akashika mlango kwa mikono miwili. "Bi Thuraiya, huu wizi!"

"Basi twende polisi. Waeleze umeibiwa nini, na ulikipata wapi. Mi ntakuwa shahidi wako." Akapandisha kioo, akaondoka taratibu, jasho halimtoki.

Funguo za gari siku hizi zinakaa dukani kwake, na Mbaruk anapakiwa kama abiria. Nyange bado yupo barazani, anawasimulia watu alivyodhulumiwa na mwanamke asiyemcha Mungu. Anasimulia kwa uchungu, machozi yanamlenga. Wasikilizaji wanampa pole, kisha wanainuka mmoja mmoja, na kila anayeinuka anajipapasa mfuko kwanza.