Mama Mkwe Kwenye Njia ya Mbio

Menza Kombe,
Junda, Kisauni.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mbio za Baiskeli za Ridhaa,
Kisauni.

Mheshimiwa Mwenyekiti Abdulaziz,

KUH: MAMA MKWE WANGU KUACHWA KANDO YA LAMI SIKU YA MBIO

Shikamoo. Najua tunalingana umri, lakini mwenye malalamiko hafai kubana heshima. Natumai wewe na wote wa nyumbani hamjambo. Mimi pia sijambo, ukiondoa goti la kushoto, ambalo nitalieleza zamu yake ikifika.

Mimi ndiye yule mwenye jezi ya kijani aliyeingia wa tisa Jumapili iliyopita akiwa amejifunga leso. Nimepigwa picha na watu wengi, kwa hiyo naamini unanikumbuka. Usilolijua ni kwamba mpaka kwenye kona ya kuingilia Junda nilikuwa wa kwanza. Wenzangu nilikuwa nimewaacha tangu Mishomoroni. Nikigeuka nyuma naona lami tupu na mbuzi mmoja. Miaka yote niliyoshindana sijawahi kuona lami tupu nyuma yangu, Mwenyekiti, huwa naiona mbele. Nilitaka kulia.

Na hii si habari ya kikombe tu. Mke wangu Winfred hana ugomvi na baiskeli, ana ugomvi na Jumapili zangu. Mwaka huu tulikaa kikao kwao, mama yake akiwa shahidi, tukakubaliana kwamba nikishinda naendelea na mbio, na nikishindwa baiskeli ifungwe keria kubwa ianze kubeba mitungi ya maji. Keria imeshanunuliwa. Imeegemezwa ukutani pale ninapokula. Baiskeli yenyewe ni nyepesi, naiinua kwa mkono mmoja, na nakiri kwamba naiosha kwa uangalifu kuliko ninavyowaogesha watoto. Siku itakayofungwa mitungi mimi nitakuwa nimekwisha, na sioni haya kulisema.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Njia. Kamati yako ilipanga vijana wenye bendera kila mahali. Alikuwepo wa kusimamisha tuktuk, alikuwepo wa kufukuza mbuzi, na Mramba alipewa kazi ya kumshika mbwa wa seremala, mbwa mmoja tu, asubuhi nzima. Hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia mama wakwe. Njia hii inapita mbele ya ua wa mama mkwe wangu, karibu kabisa na utepe wa mwisho. (Jina lake mimi kama mkwe siwezi kuliandika. Tafadhali waulize majirani.) Alikuwa ametoa kiti, amekaa kando ya lami, amevaa nguo yake ya kanisani. Alikuja kunishangilia. Nia yake njema siipingi, na ndiyo inayoniuma.

2. Salamu. Wewe ni mtu wa pwani, huhitaji kufundishwa kwamba mkwe hampiti mama mkwe akiwa juu ya baiskeli. Hushuka. Hushuka akiwa na gunia la nazi nyuma, hushuka mvua ikinyesha, na kanuni zenu hazikusema mahali popote kwamba wakati wa mbio asishuke. Basi nikashuka. Nikaegemeza baiskeli kwenye ua, nikainama, nikaangalia chini, nikamwamkua. Sasa salamu za kwetu si neno moja. Aliuliza tumeamkaje. Akawaulizia watoto mmoja mmoja kwa majina. Akamuulizia Winfred, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya kile kiti, nami nikajibu kwamba Winfred ni mzima. Kisha ikawa zamu yangu, nikauliza mgongo wake, mihogo yake, kuku wanaotaga na wasiotaga. Alipofika kwa shangazi yangu wa Likoni nilianza kusikia mnyororo wa baiskeli nyingine ukija. Nikasema kwa haraka kwamba shangazi hajambo. Akaniuliza, "Hajambo tu?" Mwenyekiti, shangazi alipasuliwa tumbo juzi juzi. Ilibidi nieleze.

3. Vazi. Hili lilipaswa kutangulia lile la pili, lakini nimeona haya. Unazijua kaptula zetu za mbio. Hazifichi kitu. Mbele ya watazamaji wengine ni michezo, mbele ya mama mkwe ni laana. Kwa hiyo kabla ya kuinama nilimkimbilia Rahima, muuza mahamri, akanitupia leso yake nikajifunga kiunoni. Maneno yaliyoandikwa kwenye leso ile sitayarudia katika barua ya heshima, ila waliokaa nyuma yangu waliyasoma kwa sauti. Salamu zilipokwisha nikapanda baiskeli. Sikuweza kuivua leso kwa sababu mama mkwe alikuwa bado ananitazama, na mgongo nao una adabu yake. Pindo likaingia kwenye mnyororo. Hapo ndipo habari ya goti.

4. Kefa. Ninaposema Kefa namaanisha huyo mshindi wenu, kijana wa bara anayepakia mizigo Port Reitz. Alitupita nikiwa katikati ya tumbo la shangazi. Hakushuka. Hakupunguza mwendo. Aliinua mkono mmoja akapiga kelele kwa lugha ya mitaani, "Mambo, mathee!" akaenda zake. Hasara haikuishia hapo, maana mama mkwe alitaka kujua yule ni nani, mtoto wa nani, na kwa nini amesalimu kama anayeita mbwa. Nikamweleza kwamba ni wa bara. Akauliza kama ameoa. Nikasema hajaoa. Akauliza kwa nini hajaoa. Nikajitahidi kujibu kwa kadiri ya ninavyomjua, na wakati najitahidi akapita Felix wa Changamwe. Felix ameoa, sikatai, lakini ameoa Likoni. Mtu aliyeweka kivuko kizima kati ya mama mkwe wake na mbio zetu, huyo alijiandaa zamani. Waliobaki walipita kwa pamoja na sikuwahesabu.

5. Kutokana na hayo, ni wazi kwamba kikombe alichopewa Kefa hakikutokana na miguu. Kilitokana na ukapera. Kamati hukagua kofia, hukagua breki, hukagua hata kengele, lakini haikagui ndoa. Naomba muda wote wa salamu utolewe katika muda wangu, pamoja na muda wa kujifunga leso, muda wa kuanguka, na muda wa kumshukuru Rahima. Mashahidi ninao. Mmoja ni mke wangu, ingawa katika jambo hili ana maslahi yake kwenye keria.

6. Kama kutoa muda ni vigumu, basi mwakani pawe na usawa. Kila mshindani aje na mama mkwe wake, akalishwe kwenye kiti kando ya njia, na mkwe asiposhuka atolewe mbioni. Felix amvushe wake kwa feri. Makapera waazimiwe mama wakwe. Hapa Junda nawajua akina mama kadhaa wenye mabinti wasioolewa ambao wataifanya kazi hiyo bure, tena kwa moyo. Lakini wapimwe kwanza, kwa sababu wapo wanaoulizia watoto tu, na wapo wanaofika mpaka kwa kuku.

7. Kama hilo nalo ni zito, njia ihamishwe kabisa. Ipelekwe kule Port Reitz, kando ya ukuta wa uwanja wa ndege. Nimekwenda kukagua mwenyewe kwa goti hili hili. Hakuna nyumba, hakuna ua, na mtu akitoa kiti tu askari anamuuliza anakaa afanye nini. Sijawahi kuona mahali panapomfaa zaidi mwanamume aliyeoa.

8. Yote hayo yakishindikana, naomba Kamati imsafirishe mama mkwe wangu siku ya mbio kwa gharama yake. Kwa gharama ya Kamati, namaanisha. Apelekwe mahali penye kivuli na chakula kizuri, aambiwe ameteuliwa kuwa mgeni wa heshima wa shughuli fulani, na asijue kamwe kwamba wazo lilitoka kwangu. Nikijulikana, hata hiyo keria haitanisaidia, kwa sababu sitakuwa na nyumba ya kupelekea maji.

Naomba nijibiwe mapema. Fundi amesema atakuja na spana zake mara atakapotoka matangani, nami kila nikisikia mtu akibisha hodi moyo unanishuka. Mwenyekiti, mimi sina mchezo mwingine. Karata sijui, mpira sioni vizuri. Nikiwa juu ya ile baiskeli asubuhi, upepo wa Bamburi ukinipiga kifuani, huwa nahisi bado nina mambo mbele yangu.

Nisalimie mkeo Bi Mwanasaumu, wanakamati wote, vijana wa bendera, Mramba, na yule mbwa wa seremala, ambaye kwa kweli siku ile alitulia kuliko washindani wengi.

Wako katika michezo na maumivu,
Menza Kombe

Tanbihi: Barua hii imechelewa wiki kadhaa kukufikia kwa sababu ya goti, na katika kuchelewa kwake mambo yamebadilika. Jioni ile ya mbio nilimfuata Kefa, nikamgombeza, nikamwambia aende akamwombe mama mkwe wangu radhi. Alikwenda na sukari, kama mtu mwenye adabu. Aliyempokea ni Lavender, mdogo wake Winfred. Radhi alipewa siku ile ile, lakini aliendelea kwenda kuiomba, na Jumamosi iliyopita alikuja na wazee wake kutoka bara. Posa imekubaliwa. Kefa na mimi sasa ni wanyumba, tumeoa katika nyumba moja, na mama mkwe wetu ni huyo huyo. Mama mwenyewe amemwambia Winfred keria irudishwe dukani, maana mwakani anataka kuamkuliwa na wakwe zake wote wawili. Winfred alininunia siku nzima, lakini keria ameirudisha. Mimi nilitoka nje nikaikumbatia baiskeli, na aliyeniona aliniona.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote, la kwanza hadi la nane. Njia isiguswe hata kidogo, na mtu yeyote akikutajia Port Reitz, mfukuze. Kefa asizuiwe. Ikiwezekana mwandikishe wa kwanza. Familia imenipa mimi kazi ya kumfundisha salamu, na anajifunza vizuri, tumeshafika kwenye mihogo. Nimemweleza pia desturi nyingine, kwamba mkwe mkubwa ndiye husalimu kwanza na mdogo hungoja zamu yake. Akifika pale akiwa mbele yangu, atashuka, ataegemeza baiskeli, na atanisubiri.