Ritriti Mbele ya Kiboko

Jumatatu, 3 Machi 1997

Nimepata kazi! Mkalimani! Dakta Joan, mama mzungu anayechunguza magugu maji ziwani, alifika kwetu ufukweni Dunga akiuliza nani anajua Kiingereza. Gordon alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamwahi kwa "Yes madam" tatu mfululizo. Gordon, aliyewahi kuwa weita Nairobi, aliniangalia kama samaki aliyelala juani. Wivu tu.

Alhamisi tunaingia majini. Mke wangu Seline hakufurahi. Aliniuliza kama Dakta anajua siwezi kuogelea, na Kiingereza changu kiliishia darasa la sita. Nikamjibu mke mwema hatangazi siri za nyumba.

Jumanne, 4 Machi

Hofu. Obiero, mwenye boti, anasema kuna kiboko jike mwenye mtoto kwenye magugu. Kazi yangu ni moja: Dakta akisema tugeuze, nimwambie Obiero upesi, maana yeye Kiingereza hajui na kiboko hangoji. Nikacheka kwa sauti.

Kugeuza ni nini kwa Kiingereza? Najua "rivasi", ya malori. Akitumia lingine?

Seline alishauri nimuulize Gordon. Afadhali kiboko.

Jumatano, 5 Machi

Yahya, fundi cherehani wa Kondele, ana kamusi. Nilikwenda mbio. Msiba! Mkewe Rehma anauza njugu, na kurasa zote kuanzia R amezifungia njugu. Yahya akanifariji kwamba A mpaka Q ziko salama. Nimwombe mzungu atumie hizo.

Nikapata "about turn", ya askari kugeuka nyuma. Nimeikariri mpaka majirani wameijua. Sasa sina wasiwasi.

Alhamisi, 6 Machi

Niko hai.

Magugu yalituzunguka pande zote. Kimya. Mara maji yakapumua. Masikio mawili, macho mawili, karibu kiasi kwamba ningeweza kumtemea mate, kama ningekuwa na mate.

Dakta akasema polepole, "Withdraw."

Hiyo naijua! Ya benki! Nikamwambia Obiero Mama anataka kwenda kutoa pesa. Obiero akauliza, sasa hivi?

Kiboko akazama. Hapo ndipo niliogopa kweli. Ukimwona, angalau unajua aliko.

Dakta akapaza sauti, "Retreat! Retreat!"

Hiyo pia naijua! Kanisa letu lilikwenda ritriti mwaka jana, kufunga na kuomba. Nikajua basi, yamekwisha, hata mzungu amemkumbuka Mungu. Nikapiga kelele, "Obiero, Mama anasema tuombe!"

Obiero ni mtu wa kanisa. Akaweka kasia chini, akavua kofia, akafumba macho. Nikaongoza sala. Nilikuwa nimefika kwenye dhambi za ujana wangu, na zilikuwa bado nyingi, wakati boti ilipoinuka kutoka chini.

Obiero akafumbua macho. "Rao!" Kiboko! Hakuhitaji mkalimani tena. Alipiga kasia kama mtu anayezima moto, na Dakta akipiga maji kwa ubao. Mimi nililala sakafuni nimekumbatia buti za Dakta, nikiamuru "About turn! About turn!" Wakaniambia ninyamaze, tulikuwa tumeshafika Dunga.

Ijumaa, 7 Machi

Obiero hanisalimii. Lakini Dakta ni muungwana. Jana kabla ya kuondoka aliniambia, "Reconsider your position." Consider ni kufikiria. Position ni cheo. Ananifikiria cheo kingine! Seline alisema hapana, nisirudi kule. Nikavaa tai.

Nilimkuta Gordon ameketi botini mahali pangu, amevaa koti langu la kuelea. Akanieleza kwa Kiswahili maana ya maneno ya Dakta, kwamba niache kazi, mbele ya akina mama wanaouza dagaa wa omena. Polepole. Mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Seline alisimama akatoa shukrani kwamba mume wake angali na miguu yote. Alilia. Nami nililia. Nilimwahidi nimejifunza.

Nimejifunza kwamba kosa ni la Kiingereza. Jambo moja, kugeuka, wanaliita kwa majina kumi. Mtu mwenye akili atakaaje na lugha kama hiyo?

Baada ya ibada nikasikia injinia Mjapani wa barabara anatafuta mkalimani. Nikawa wa kwanza kuinua mkono. Wajapani ni watu wa kwenda mbele. Neno la kurudi nyuma hawana kabisa.

Naanza kesho, kwenye kulipua miamba kwa baruti.