Sigiri ya Plagi

Jumatatu, 21 Februari 1994. Arua.
Nimepita hotelini kwa Medina, mjane anayepika futari bora kuliko wote sokoni. Nimekuta balaa. Sigiri mpya, jiko la makaa, udongo ndani, bati nje! Ya Fadhul mfinyanzi! Imekaa jikoni mwake mahali ambapo, kwa haki, ningekaa mimi. Medina ameisifu mbele yangu: makaa kidogo, maharage laini, bati la nje halichomi. Akalipapasa bati lile. Nimeumia. Nimeshindwa kula. Nimekula sahani mbili tu.
Nitatengeneza yangu. Itaondoka ile, nitaingia mimi.

Jumanne, 22 Februari.
Nimechungulia kwa Fadhul kupitia ua wa matete. Siri nimeipata! Anachanganya udongo wa sigiri na maganda ya karanga. Yakiungua tanuruni, udongo unabaki na vitundu kama mkate. Mwizi! Anamwuzia mjane hewa.
Jioni nimemwendea Mwalimu Celestino, wa sayansi, nikauliza kijuujuu tu joto linapitaje kwenye udongo. Kasema udongo uliochomwa ni atomi za madini na za oksijeni zilizoshikana. Hakuna inayotembea. Joto ni mtikisiko: moja ikitikiswa inamtikisa jirani, kama benchi la kanisa likijaa na mmoja akapiga chafya. Atomi zikiwa nyepesi na zimeshikana sana, mtikisiko unafika mbali. Akatoa mfano: ile kaure nyeupe ya plagi za injini, oksidi ya alumini. Penye vitundu, joto linakwama.
Nikaondoka kabla hajamaliza. Yaani kwa Fadhul joto linakwama njiani! Maskini Medina.

Jumatano, 23 Februari. Koboko.
Nimedandia lori la mihogo hadi kwa binamu yangu Lukumani. Nyuma ya nyumba yake kuna malori ya jeshi yaliyokufa tangu vita vya sabini na tisa. Kuku wanatagia ndani. Nimefungua plagi zote. Lukumani akauliza, wewe iko na gari? Nikasema niko na mpango. Akasema mpango wangu wa mwisho ulikula mbuzi wake.

Jumamosi, 26 Februari.
Kutwanga kaure si kazi ya mtu aliyefunga. Nimetumia kinu cha dada yangu Hawah. Sasa anauliza kwa nini ugali unalia menoni. Nimemlaumu muuza mihogo wa Pajulu.
Udongo nimeukanda na unga wa kaure, nikaubana mpaka hakuna tundu hata la sisimizi. Imekuwa nzito kama jiwe la kaburi. Nzuri!

Jumapili, 6 Machi.
Imekauka, imechomwa, imevishwa bati, imefika kwa Medina. Nimemwomba atoe ya Fadhul nje kwa jioni moja tu. Kakubali. Katabasamu!
Watu wa msikitini wamekaa mkekani, wanangoja adhana. Makaa yamewaka vizuri. Maharage yametulia. Bati la nje halikutulia. Likawa moto kama pasi. Mkeka ukaanza kufuka. Adhana! Maharage bado changarawe. Mzee Drani akasema, Kamisi mwanangu, nimefunga tangu alfajiri, leo nafuturu moshi? Watu wakacheka, njaa na yote. Medina akashika ubavu wa sigiri aiondoe. Akaungua vidole.
Halafu nani akaingia? Fadhul. Akarudisha mkate wake wa udongo, maharage yakaiva, akampa Medina asali ya kupaka vidoleni. Nimemchoma mimi, anashukuriwa yeye. Haki iko wapi?

Jumatatu, 7 Machi.
Mwalimu Celestino kanisimamisha njiani. Eti jioni ile nilipomkimbia alitaka kuniambia kwamba kwenye sigiri joto hutakiwa likwame, lisikimbilie nje kwenye bati. Nimemwuliza Fadhul kamlipa nini.

Jumamosi, 12 Machi.
Wazee wa Fadhul wamepeleka posa. Imekubaliwa. Harusi baada ya Idi.
Medina mwenyewe kanialika, sokoni, vidole bado na kitambaa. Kasema, Kamisi, karibu harusi, lakini wewe usilete sigiri, sigiri iko. Akarudia. Usilete, kaka, naomba.
Nimelala chali nikiwaza. Fadhul, je, ameombwa chochote mara mbili? Hapana. Mwanamke asiyekufikiria hakumbuki sigiri yako. Na anayesema usilete, anataka kushtukizwa.
Nimeanza kukanda. Hii ni kubwa, ya masufuria ya pilau.